Vanishi Kwenye Gitaa la Mwandawiro

Mulei alikuwa mtu asiyeweza kupita karibu na ubao mkavu bila kuuonea huruma. Mama akiona mtoto wake amepauka miguu hukimbilia mafuta. Mulei akiona meza imepauka alikimbilia kopo la vanishi. Alikuwa fundi wa rangi wa reli pale Voi, katika miaka ile ya hamsini, Mkamba mrefu mwenye mikono mikubwa na kucha zisizotakata hata siku ya Krismasi. Ujanani alikuwa Nairobi akijifunza kupaka mabehewa ya daraja la kwanza, yale ambayo mwenyewe hangethubutu kuketi ndani yake. Alipohamishiwa Voi, kazi ikawa zaidi viti vya abiria, mikokoteni ya mizigo na milango ya ofisi, naye akavipaka vitu hivyo kana kwamba Gavana angekuja kuvilalia.

Wala hakutosheka na vya reli. Alimpakia mkewe Kalondu kinu, na kwa muda mrefu muthokoi wa nyumba hiyo, yale mahindi ya kukobolewa, ulinuka tapentaini. Alipaka mabenchi ya kanisa dogo lililokuwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli, bila kumwomba mtu ruhusa, akasahau kwamba vanishi mpya ikikaliwa na watu wazito katika joto la Voi hulainika tena. Jumapili ile akina mama waliposimama kuimba, mabenchi yalisimama nao. Mzee wa kanisa alifoka mpaka mate yakamruka. Mulei alisikiliza kwa adabu zote, macho yakiwa kwenye mbao, akifurahi jinsi zilivyong'aa.

Basi huyo ndiye Mulei: moyo safi, mkono mwepesi, na kuuliza kwanza hakukuwamo katika ufundi wake. Nayasema haya mapema ili usije ukamdhania uovu, maana aliloliharibu lilikuwa kubwa.

Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Donald Mwandawiro, Mtaita wa Wusi, kule milimani, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga njia za treni pale stesheni. Watu walimwita Mwalimu. Hakuwahi kufundisha shule hata siku moja. Jina lilitokana na kwaya ya kanisa lile lile la mabenchi. Mwandawiro alikuwa na sikio. Watu thelathini wangeimba kwa pamoja, na mmoja tu akikosea, yeye alimjua. Wengine waliona ni uchawi. Yeye alisema ni kusikiliza tu, basi, lakini ukimtazama usoni ungeona kwamba alijua amepewa kitu ambacho wengine hawakupewa, na alikitegemea kama mtu anavyotegemea mguu wake.

Tena alikuwa na gitaa. Alilipata wakati wa vita, alipokuwa askari akilinda mateka wa Kiitaliano walioletwa Kenya kutoka Uhabeshi. Mmoja wao, mzee ambaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, alimfundisha kulipiga, na siku ya kurudishwa kwao alimwachia, akisema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha kwamba gitaa hilo lilikuwa la babu yake na kwamba yeye hana mtoto. Ukichungulia kwenye tundu ulikiona kikaratasi cha rangi ya chai, chenye maandishi ya wino ambayo hakuna mtu Voi aliyeyajua kuyasoma. Mwaka tu ndio ulioonekana vizuri, nao ulikuwa mwaka wa zamani sana, kabla ya reli kufika Voi, kabla ya Voi yenyewe kuwa mji.

Kwa macho lilikuwa gitaa la kusikitisha. Dogo, lenye kiuno chembamba, na ubao wa uso wake ulikuwa mwembamba hata mtu aliogopa kuugusa. Rangi yake ya zamani ilikuwa imelika pale mkono unapoegemea, na chini ya tundu kucha za watu waliokwisha kufa zilikuwa zimeichimba mbao ikabaki nyeupe. Kulikuwa na ufa ulioanzia pale nyuzi zinaposhikiliwa ukaenda hadi ukingoni. Kigingi kimoja cha kukazia kilikuwa si chake; mtu alikichonga kwa mti mwingine. Nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama, ambazo Mwandawiro aliziagiza kutoka duka moja Mombasa na kuzisubiri kama mtu anayesubiri mshahara.

Lakini sauti! Haikuwa kubwa. Sufuria ikichemka ungeikosa. Ukikaribia, hata hivyo, kila uzi ulisema neno lake hadi mwisho bila haraka. Zile nene zilinguruma kwa upole, zile nyembamba zililia waziwazi, na Mwandawiro alipoinua vidole sauti ilibaki hewani kidogo kabla ya kuondoka. Jioni alipokuwa akilipiga barazani, Kalondu aliacha kutwanga. Mulei alisema gitaa hilo linapumua. Kisha angeongeza, "Lakini hebu litazame, Mwalimu, lilivyopauka," na Mwandawiro angecheka tu akadhani ni utani.

Halafu Mwandawiro akaanza kukohoa. Alikohoa mvua zote, akasema ni vumbi la reli, mpaka siku mkewe Wakio alipoona damu kwenye kitambaa. Daktari akaamua apelekwe Mombasa, hospitali ya kifua, na hakuna aliyejua ni kwa muda gani. Wakio angepanda kwao Wusi na watoto. Gitaa halingeweza kwenda naye. Kule juu ukungu hushuka asubuhi ukaotesha kuvu hata kwenye viatu. Voi ni kukavu. Asubuhi ya kuondoka, Mwandawiro alilileta mwenyewe, likiwa limefungwa kwa shuka.

"Fundi," alisema, akipumua kwa shida, "hii gitaa nakuachia wewe. Itunze kama yako."

"Nenda na amani, Mwalimu. Itakaa kama yai."

Na kwa miezi kadhaa lilikaa hivyo kweli, juu ya kabati, hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kulinyooshea kidole. Kisha likaja jua la mwisho wa mwaka, jua la Voi la kukausha mpaka mate. Siku moja Mulei alilishusha kulifuta vumbi, akaona ule ufa umepanuka. Moyo ukamruka. Akatengeneza gundi, akauziba ufa kwa uangalifu, akaufunga kwa kamba mpaka ukashikana. Ilikuwa kazi nzuri na ya lazima. Angeishia hapo, leo tusingekuwa na la kusimulia.

Hakuishia hapo. Gitaa lilikuwa mezani mbele yake, limepauka, lina makovu, na yeye alikuwa anamkumbuka rafiki yake kule hospitali. Angemfanyia nini mgonjwa aliye mbali? Hakujua kuandika maneno mazuri. Hakuwa daktari. Alichojua ni kimoja tu.

Kalondu alimkuta akivunja kipande cha kioo cha kukwangulia.

"Aiya! Baba Nzembi, umemwuliza mwenyewe?"

"Nimwulize nini? Mgonjwa anaulizwa kama anataka kitu chake kiwe kizuri?"

"Mimi nasema tu. Yeye hajawahi kulalamika juu ya hiyo rangi."

"Ni kwa sababu ni mpole," alisema Mulei, na kweli aliamini hivyo.

Aliitoa ile rangi ya zamani yote, polepole, unga wake ukidondoka juu ya magazeti. Akapiga msasa mpaka yale makovu ya kucha yakapotea. Kisha akafungua kopo alilokuwa ameliweka tangu Nairobi, vanishi ya mabehewa, iliyotengenezwa ili ivumilie mvua, moshi na jua la njia nzima ya kwenda Kisumu. Akapaka, akaacha ikauke, akasugua, akapaka tena, na tena, akitazama mbao ikigeuka kutoka rangi ya vumbi kuwa rangi ya asali. Hata ndani hakukuacha. Alipitisha brashi kwenye tundu akapaka kuta zote, pamoja na kile kikaratasi, ili wadudu wasikile. Alipomaliza, ungeweza kujitazama usoni mwa gitaa lile ukanyoa ndevu. Katika maisha yake yote Mulei hakupata kufanya kazi nzuri kuliko hiyo, na hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

Akarudisha nyuzi, kila mmoja mahali pake. Hakujua kupiga, lakini alikuwa amemwona Mwandawiro akizipitishia kidole zote kwa mara moja. Naye akapitisha.

"Umegonga nini?" Kalondu aliuliza kutoka uani.

Mulei aliinamisha sikio. Akapitisha kidole tena. Sauti ilikuwa ya kugonga debe lililojaa unga. Ilitoka, ikaanguka pale pale miguuni pake. Alijiambia kwamba vanishi haijakauka vizuri, akaliweka karibu na dirisha, na kila akitoka kazini aliligonga kidogo kwa kidole kama mtu anayeamsha mgonjwa. Likawa kavu, likawa gumu, na sauti haikurudi. Vanishi ya behewa huzuia maji yasiingie. Hapa ilikuwa imezuia sauti isitoke. Alifikiria kuikwangua. Akaukumbuka wembamba wa ule ubao, na mkono wake, ambao haukuwahi kuogopa mbao, ukaogopa.

Mwandawiro alirudi na treni ya Mombasa, amekonda, koti likimning'inia. Wakio alikuwa ameshuka kutoka Wusi kumpokea. Wakakaribishwa chai kwa Mulei, na Mwandawiro akasimulia habari za hospitali kwa mzaha, kama kawaida yake. Sindano zilikuwa nyingi hata alisahau kuketi. Kifua kimepona. Ila daktari alimwonya kwamba dawa ile inayookoa kifua wakati mwingine hula masikio, na kwa wiki nyingi masikio yake yalikuwa yakivuma. "Nikamwambia daktari, chukua mguu, masikio niachie." Wote wakacheka, na Mulei akacheka kuliko wote kwa sababu alikuwa anaogopa.

Kisha akamletea gitaa.

Mwandawiro alilitazama muda mrefu. Akapitisha kiganja juu ya mbao iliyong'aa, akachungulia tundu, akamtazama rafiki yake, na machozi yakamlengalenga.

"Fundi," alisema, "umeifanya bibi harusi."

Akalipakata, akakaza nyuzi, akaanza ule wimbo wa kwao aliokuwa akianza nao siku zote. Akaacha katikati. Akakaza tena. Akapiga tena, polepole, akainama mpaka sikio likagusa mbao.

"Nyuzi ni zile zile?"

"Ni zile zile, Mwalimu," alisema Mulei. Ilikuwa kweli tupu. Kuna siku ambapo ukweli wa namna hiyo ni mbaya kuliko uongo, maana uongo angeweza baadaye kuujutia na kuufuta.

Mwandawiro akalilaza gitaa mapajani. "Basi ni masikio," alisema. "Daktari aliniambia, mimi nikafanya mzaha."

Kalondu, aliyekuwa akimimina chai, aliinua birika akalishika hewani, akamtazama mumewe. Mulei alifungua mdomo. Yalihitajika maneno mawili tu: ni vanishi. Lakini mtu alikuwa ameiita kazi yake bibi harusi, na machozi ya shukrani bado yalikuwa shavuni pake. Ungemwambiaje mtu kama huyo? Mulei alitafuta namna ya kulisema bila kuumiza, na alipokuwa bado anatafuta, mdomo ukasema lake.

"Labda ni uchovu wa safari."

"Labda," alisema Mwandawiro.

Wanakwaya walikuja kumpokea kwa furaha. Alijaribu. Alisimama mbele yao Jumapili moja, akainua mkono, wakaimba, na mahali fulani akasita. Akawauliza kama sauti ya tatu iko sawa. Wengine wakasema iko sawa, wengine wakasema wao walidhani yeye ndiye atawaambia. Zamani asingeuliza. Akajaribu tena, akasita tena, akashusha mkono, akasema atapumzika kidogo. Hakusimama pale tena. Kifua kilimpa sababu ya kuacha kazi ya reli, na kabla ya mvua za masika alikuwa amefunga vyombo kwenda Wusi. Gitaa alimwachia Mulei.

"Baki nayo, fundi. Mimi nikiiona nitaumia. Kwako itapendeza ukutani."

Na lilipendeza, ndiyo adhabu yenyewe. Hakuna mgeni aliyeingia nyumba ile asilisifu. Makarani wa stesheni walileta wake zao kulitazama. Mhindi mmoja mwenye duka alitaka limpambie sebule. Kila aliyeuliza ni nani aliyelifanyia kazi nzuri namna ile, Mulei alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Watu wakasema fundi ni mnyenyekevu. Pole pole akaacha kupaka vitu visivyokuwa vya kazi. Meza ya mwanawe Nzembi, ya kusomea, ilibaki imepauka mpaka msichana akamaliza shule.

Kalondu hakumwacha. Hakumgombeza, alikuwa akimwekea chakula na kusema tu, "Wusi si Ulaya." Mulei alijibu kwamba atakwenda likizo, kisha kwamba barabara imeharibika kwa mvua, kisha kwamba mambo ya zamani ukiyafukua yanaumiza watu bure. Aliamini hili la mwisho kwa miaka mitatu. Alijisemea kwamba Mwandawiro amezoea, ana shamba lake, ana vitunguu vyake na kabichi zake, amesahau.

Hakuwa amesahau. Wakio alishuka Voi kuuza mboga, akapita kumsalimu Kalondu, na wanawake hao wakazungumza jikoni Mulei akiwa upande wa pili wa ukuta.

"Yeye haimbi siku hizi," Wakio alisema. "Hata kanisani. Anakaa benchi ya mwisho, anafumba mdomo. Mimi humwambia, baba, Mungu haangalii hiyo mambo. Yeye anasema hataki kuharibia watu wimbo wao."

Mulei hakula siku hiyo. Alidhani amemnyang'anya rafiki yake gitaa. Kumbe alikuwa amemnyang'anya hata koo lake mwenyewe. Jumamosi iliyofuata akalitoa gitaa ukutani, akalifunga kwa blanketi, akapata lori la mboga lililokuwa likirudi tupu milimani.

Alimkuta Mwandawiro akifungulia maji kwenye mfereji wa shamba. Alikuwa amenenepa kidogo, kifua kimemkaa vizuri, na alipomwona mgeni wake alipanda kwa furaha, matope mpaka magotini. Wakaketi nje, kwenye benchi lililotazama bondeni. Wakio akaleta uji na ndizi za kuchemsha. Chini yao, kwenye kanisa la bati, watu walikuwa wakifanya mazoezi ya nyimbo za kesho, na sauti zilipanda kwa upepo.

Mulei hakugusa uji. Alifungua blanketi.

"Mwalimu, nimekuja kusema kitu kimoja, na nikishasema unaweza kunifukuza. Masikio yako hayakuwa na shida. Ni mimi. Niliipaka vanishi ya mabehewa, nje na ndani. Hii gitaa ilikufa kabla hujarudi. Mama Nzembi aliisikia akiwa uani, akaniuliza nimegonga nini. Siku ile ukiwa nayo mapajani nilijua, na nikanyamaza. Miaka yote hii nimenyamaza."

Aliyasema yote akitazama matope kwenye miguu ya rafiki yake. Kisha akangoja. Alingoja matusi, na aliyatamani. Alitamani hata apigwe kwa gitaa lile kichwani likavunjika, ili kitu kiwe kimelipwa. Wakio alikuwa amesimama mlangoni, kijiko mkononi.

Mwandawiro alinyoosha mkono, akaligonga gitaa tumboni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Hakuligonga tena. Wala hakumtazama Mulei. Alikuwa amegeuza kichwa kuelekea bondeni, ambako kwaya ilikuwa imefika kwenye kiitikio.

"Sauti ya tatu wameshuka," alisema polepole. "Tangu nije hapa, kila Jumamosi nasikia wameshuka. Nikasema ni mimi."